Mipaka ya Kompyuta Kuukuu: Historia ya Kuongeza Kasi na Kumbukumbu

Kompyuta binafsi ya IBM iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 iliuzwa ikiwa pungufu kwa makusudi. Toleo la bei ya chini kabisa, dola 1,565, lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 na halikuwa na kisomea diski hata kimoja. Ndani ya boksi lake, hata hivyo, mlikuwa na nafasi tano za kuchomekea kadi, soketi tupu ya chipu ya hesabu ya 8087, na safu za vishimo vilivyosubiri chipu za kumbukumbu. Wahandisi wa Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, walikwenda mbali zaidi: walichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi za mashine na matini kamili ya programu ya BIOS. Kampuni ndogo yoyote iliyokinunua ilijua jinsi ya kutengeneza kadi itakayokubaliwa na mashine hiyo. Biashara nzima ya kuongeza uwezo wa kompyuta zilizokwisha kuuzwa ilijengwa juu ya uamuzi huo, na unastahili sifa kubwa kuliko zile zilizopewa prosesa yenyewe.

Wazo la nafasi za kadi lilikuwepo kabla. Altair ya mwaka 1975 ilijengwa juu yake, na Apple II ya 1977, kazi ya Steve Wozniak, ilikuwa na nafasi nane. Mwaka 1980 Microsoft ilianza kuuza kadi yenye prosesa ya Z80, na aliyeichomeka ndani ya Apple II alipata mashine ya pili ndani ya ile ya kwanza, yenye uwezo wa kuendesha programu za mfumo endeshi wa CP/M ambazo Apple haikuzijua. Mwelekeo wa kinyume nao ulianza mapema. Macintosh ya Januari 1984 ilikuja na kilobaiti 128, bila nafasi ya kadi, ikiwa imefungwa kwa skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haikuzifungua. Lakini chipu zake 16 za kumbukumbu, za kilobiti 64 kila moja, ziliweza kubadilishwa kwa nyingine za kilobiti 256, na mashine ikafikia kilobaiti 512. Mafundi wenye mkono mwepesi walizing'oa chipu za zamani na kulehemu mpya.

Mpaka wa kwanza uliowaumiza watumiaji wa IBM ulitokana na idadi ya waya. Prosesa ya Intel 8088, iliyopiga mara milioni 4.77 kwa sekunde, ilikuwa na waya 20 za kutaja anwani za kumbukumbu. Kila waya hubeba moja au sifuri, kwa hiyo waya 20 hutaja anwani 1,048,576, yaani megabaiti 1, na hakuna fedha inayoweza kununua zaidi ya hapo. Katika megabaiti hiyo, kilobaiti 384 za juu zilitengwa kwa ajili ya skrini, kadi na BIOS. Zilizobaki, kilobaiti 640, ziliachiwa programu. Mwaka 1981 kilobaiti 64 zilihesabiwa kuwa nyingi, na mgawo huo ulikuwa mara kumi yake. Miaka minne baadaye mhasibu mwenye jedwali kubwa la Lotus 1-2-3 aliweza kuumaliza wote.

Jambo lililofuata linaeleza mengi kuhusu mipaka ya kompyuta. Prosesa ya 80286, iliyowekwa katika IBM AT ya Agosti 1984, ilikuwa na waya 24 za anwani na uwezo wa megabaiti 16. Ile ya 80386, ya Oktoba 1985, ilikuwa na 32 na ilifika gigabaiti 4. Waya zilikuwepo, chipu zilikuwepo, na bado mtumiaji wa mfumo endeshi wa DOS alibanwa kwenye kilobaiti zilezile 640, kwa sababu programu zote alizozinunua ziliandikwa zikiamini kwamba skrini inaanzia pale zinapoishia. Mpaka uliozaliwa ndani ya chuma ulikuwa umehamia kwenye programu, na huko ulidumu zaidi.

Kadi ndizo zilizotoa nafuu. SixPakPlus ya kampuni ya AST ilijizolea sifa katikati ya miaka ya 1980 kwa kukusanya mahitaji kadhaa kwenye kadi moja: kumbukumbu ya hadi kilobaiti 384, saa yenye betri na milango ya printa na modemu. Aliyekuwa na mashine ya kilobaiti 256 aliichomeka na kufika ukingoni mwa 640. Kwa waliotaka kuuvuka ukingo huo, Lotus, Intel na Microsoft walikubaliana mwaka 1985 kuhusu utaratibu ulioitwa EMS. Kadi ilibeba megabaiti kadhaa, ila prosesa iliziona kupitia dirisha la kilobaiti 64 tu, kipande baada ya kipande. Ulikuwa ujanja wa kweli, wenye gharama yake: programu ilipaswa kuandikwa upya ili ijue dirisha liko wapi, na kila mara dirisha lilipohamishwa muda ulipotea.

Umeme nao uliweka mipaka ambayo watangazaji wa kadi hawakuitaja. Pawasaplai ya IBM ya 1981 ilitoa wati 63.5. Diski kuu ya miaka ile ilihitaji umeme mwingi ili ianze kuzunguka, hivyo mwenye mashine ya zamani aliyenunua diski alijikuta akinunua na pawasaplai pia. IBM XT ya 1983, iliyouzwa ikiwa na diski ya megabaiti 10, ilipewa wati 130.

Njia nyingine ya kutafuta kasi ilikuwa kubadili prosesa au kuiongezea msaidizi. Soketi tupu ya 1981 ilikuwa ya msaidizi huyo, chipu ya 8087, iliyofanya hesabu za desimali kwa kasi ya mara nyingi zaidi kuliko 8088 peke yake. Mhandisi wa majengo aliiona tofauti siku ileile. Karani aliyeandika barua hakuona kitu, na hakuibiwa: kazi yake haikuwa na hesabu za desimali. Kanuni ya jambo hili ilielezwa na Gene Amdahl mwaka 1967 alipozungumzia kompyuta kubwa. Faida ya kuharakisha sehemu moja huzuiwa na muda ambao kazi hutumia katika sehemu hiyo. Ikiwa hesabu zinachukua robo ya muda, basi hata zikimalizwa papo hapo, robo tatu za kusubiri zinabaki. Historia yote iliyobaki ya kuboresha kompyuta kuukuu inaweza kusomwa kwa kanuni hii, na fedha nyingi zimetupwa kwa kutoijua.

Kampuni ya NEC ya Japani iliuza V20, prosesa iliyoingia katika soketi ya 8088 bila kubadili chochote kingine. Ilileta nyongeza ndogo kwa bei ndogo. Kadi za kuongeza kasi zilikuwa na tamaa kubwa zaidi. Inboard 386, iliyotolewa na Intel mwaka 1987, iliweka prosesa ya biti 32 ndani ya IBM AT iliyotengenezwa kwa ajili ya 286. Lakini prosesa mpya ilipohitaji kitu kutoka kwenye ubao mama, ilikipata kupitia njia ya data ya zamani, yenye upana wa biti 16 na mapigo ya megahezi 6 au 8. Ili isikae bure ikisubiri, kadi ilibidi ibebe kumbukumbu yake yenye kasi. Gharama ilipanda mpaka mnunuzi akaanza kulinganisha bei ya kadi na ya kompyuta mpya. Ulinganisho huo umeua biashara ya kadi za aina hiyo kila zilipojitokeza.

Kufikia miaka ya 1990 pengo kati ya prosesa na ubao mama lilikuwa kubwa kiasi kwamba watengenezaji wenyewe walilikubali kama hali ya kawaida. Mwaka 1992 Intel ilitoa 486 DX2, ambayo nje iliwasiliana na ubao kwa megahezi 25 au 33 kama ndugu zake, huku ndani ikifanya kazi kwa 50 au 66. Ujanja huo ulifanikiwa kwa sababu 486 ilikuwa na kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya kilobaiti 8 ndani ya chipu: maagizo yaliyorudiwarudiwa hayakuhitaji kutoka nje. Chipu hizo ziliuzwa kwa umma kwa jina la OverDrive, na mtu asiye fundi aliweza kukaribia mara mbili ya kasi ya kompyuta yake kwa kubadili kipande kimoja. Hii ni mojawapo ya nyakati chache ambapo neno la tangazo na hali halisi vilikaribiana.

Ahadi iliyofuata haikutimizwa vizuri. Bao nyingi za 486 ziliuzwa zikiwa na soketi kubwa kuliko iliyohitajika, kwa maelezo kwamba prosesa ya kizazi cha Pentium ingekuja kuijaza. Ilipowasili mwaka 1995, kwa megahezi 63 na baadaye 83, ilikuwa ghali, na ubao mpya pamoja na Pentium halisi ulikuwa umeshuka bei. Volti nazo zilikuwa zimebadilika. Bao za zamani zilitoa volti 5, wakati chipu mpya kama 486 DX4 zilitaka 3.3 na zingeungua kwa kupewa zaidi. Kampuni kama Kingston na Evergreen zilipata riziki kwa kuuza chipu za AMD zilizopachikwa juu ya vibao vidogo vya kushusha volti. Vibao hivyo, vinavyokaribia kusahaulika, viliziongezea mashine nyingi za ofisi miaka miwili au mitatu ya kazi.

Kumbukumbu ilikuwa na masharti yake. Vijiti vya pini 30 vilipitisha biti 8 kwa wakati, hivyo 386 ya biti 32 ilihitaji vinne vinavyofanana, na kijiti kimoja peke yake hakikufaa kitu. Vijiti vya pini 72 vilipitisha biti 32; 486 ilitosheka na kimoja, Pentium ikadai viwili. Hapo katikati bei iliweza kuvuruga mipango yote. Julai 1993 mlipuko uliharibu kiwanda cha Sumitomo Chemical huko Niihama, Japani, kilichotengeneza sehemu kubwa ya epoksi iliyotumika duniani kufunikia chipu, na bei ya kumbukumbu ikapanda ghafla. Ughali huo uliwafungulia mlango wadanganyifu. SoftRAM 95, programu iliyodai kuongeza maradufu kumbukumbu ya Windows 95 bila kununua chipu, ilionekana kutofanya ilichodai, na kampuni yake ilichukuliwa hatua na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani mwaka 1996.

Bei ziliposhuka na watu wakaanza kujaza kumbukumbu kwa wingi, walikutana na kikwazo kigeni kabisa. Chipu za Intel 430VX na 430TX, zilizoongoza bao nyingi za Pentium za 1996 na 1997, ziliruhusu megabaiti 128 au hata 256, ila kashe ya kwenye ubao ilihudumia megabaiti 64 za kwanza tu. Windows 95 ilikuwa na desturi ya kuanza kutumia kumbukumbu kutoka juu. Kwa hiyo aliyeongeza kutoka 64 hadi 128 alihamishia kazi zake katika eneo lisilo na kashe, na kompyuta ikawa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kutumia fedha zake. Aliyeishiwa kumbukumbu kabisa bado alifaidika, kwa kuwa eneo lisilo na kashe lina kasi kuliko diski. Lakini mwenye kazi ndogo alinunua hasara.

Upande wa diski, mipaka ilifuatana kama ngazi, na kila kidato kilitokana na idadi ya tarakimu ambazo mtu fulani aliona zinatosha. Matoleo ya awali ya DOS yaliandika namba ya kila kipande cha baiti 512 kwa biti 16, hivyo eneo moja halikuvuka megabaiti 32. BIOS ilihesabu silinda 1,024, na kiolesura cha diski za IDE kilihesabu vichwa 16. Zilipokutana hesabu hizo mbili, pamoja na vipande 63 kwa kila mzunguko, diski iliishia megabaiti 528. Baada ya kikwazo hicho kuzungukwa, kingine kikatokea karibu na gigabaiti 8.4, kisha gigabaiti 137, ambako biti 28 za kutaja kipande zilikwisha, kisha terabaiti 2.2, mwisho wa biti 32. Katika kila kidato fundi aliyechomeka diski mpya kwenye mashine ya zamani aliona ukubwa wa uongo au skrini iliyoganda. Dawa ilikuwa BIOS mpya, kadi yenye BIOS yake, au programu kama Disk Manager ya Ontrack iliyojipenyeza mwanzoni mwa diski kabla ya mfumo endeshi kuamka.

Wakati ukubwa wa diski ulipanda bila kusimama, wepesi wake ulikwama. Diski ya megabaiti 10 ya IBM XT ilihitaji takriban milisekunde 85 kukifikia kipande ilichoombwa. Miaka 20 baadaye diski nzuri ya mezani ilihitaji milisekunde 9 hivi za kusogeza kichwa. Katika muda huohuo mapigo ya prosesa yalitoka megahezi 4.77 hadi zaidi ya 3,000. Sababu ni ya kimakanika: sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, na kichwa husubiri nusu ya mzunguko kwa wastani. Hakuna programu inayoweza kufuta subira hiyo. Prosesa ya 2005, iliyoweza kutekeleza mamilioni ya maagizo ndani ya milisekunde 10, ilitumia sehemu kubwa ya dakika za kuwaka kwa kompyuta bila kazi.

Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinakuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyopata kasi. Windows Vista ya 2007 iliwafanya wengi wamwamini. Ilitaka gigabaiti 1 ya kumbukumbu ili ionekane kama ilivyotangazwa, wakati XP ya 2001 ilipendekeza megabaiti 128. Kumbukumbu ilipopungua, mfumo ulihamishia data kwenye diski, na diski ndiyo ilikuwa kiungo kizito kuliko vyote. Kwa miaka hiyo ushauri wa mafundi ulikuwa mmoja: ongeza RAM. Ulikuwa sahihi, mpaka pale kumbukumbu ilipotosha. Baada ya hapo kila gigabaiti iliyoongezwa ilikaa tupu. Kwa Windows ya biti 32 mashine ya gigabaiti 4 ilionyesha 3 na ushei, kwani sehemu ya anwani ilikuwa imechukuliwa na kadi ya skrini na vifaa vingine, kama zile kilobaiti 384 za mwaka 1981.

Diski za SSD ziliondoa sahani na kichwa. Septemba 2008 Intel ilitoa X25-M, yenye gigabaiti 80, iliyosoma megabaiti 250 kwa sekunde na kukifikia kipande chochote chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Namba ya pili ndiyo iliyobadilisha maisha ya kompyuta kuukuu. Laptopu ya 2006 yenye njia ya SATA ya kwanza haikuweza kupitisha zaidi ya megabaiti 150 kwa sekunde, na wauzaji wengine walisema SSD ingekuwa ubadhirifu humo. Hawakuipima kazi yenyewe. Kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo upana wa njia hauhesabiki sana kama muda wa kukifikia kila kipande. Mashine hiyo, ikiwa na SSD ya bei nafuu, iliwaka kwa sehemu ndogo ya muda wa awali. Kwa mtumiaji wa kawaida hakuna badiliko jingine la kipande kimoja lililoleta faida ya kiasi hicho tangu 1981.

Lilikuja pia kwa wakati mwafaka. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walikuwa wameonyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, mapigo yanaweza kupanda bila chipu kuzidi joto. Katikati ya miaka ya 2000 kanuni hiyo iliacha kufanya kazi. Intel ilifuta prosesa yake ya Tejas mwaka 2004 na kugeukia kuweka viini kadhaa ndani ya chipu moja. Prosesa ya 1995 ilikuwa imechoka kabisa ifikapo 2000, ilhali kompyuta ya 2010 yenye gigabaiti 8 na SSD iliweza kuandika, kuhesabu na kufungua kurasa za intaneti bila aibu miaka 10 baadaye.

Afrika Mashariki ilifaidika na badiliko hili kuliko sehemu zilizonunua mashine mpya. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu mwaka 1974, na soko lilifunguka baadaye sana, kwa hiyo enzi ya 8088 na kadi za AST ilipita ikigusa ofisi chache. Biashara iliyokua baadaye ilitegemea sana mtumba: kompyuta zilizotolewa maofisini Ulaya, Marekani na Ghuba baada ya miaka michache na kuletwa hadi Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi. Diski zake mara nyingi huondolewa kabla ya safari ili kulinda siri za wenye ofisi, na fundi anayezipokea huziwekea SSD, huongeza kijiti cha RAM, husafisha vumbi na kubadili gundi ya joto juu ya prosesa. Hatua hiyo ya mwisho haipewi heshima yake. Prosesa iliyozidi joto hujipunguzia mapigo yenyewe, na laptopu yenye feni iliyoziba huonekana imezeeka kumbe imekosa hewa tu. Hofu ya taka za kielektroniki nayo ni ya haki. Ndiyo iliyoifanya Uganda itangaze mwaka 2009 kuzuia vifaa vya elektroniki vilivyotumika.

Katika mashine za karibuni mpaka umehamia kwenye lehemu. MacBook Pro yenye skrini ya Retina ya Juni 2012 ilikuja na kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye ubao, na laptopu nyingi nyembamba za kampuni nyingine zilifuata mkondo huo. Mnunuzi huamua siku ya kulipa kiasi cha kumbukumbu atakachoishi nacho. Sababu za kiufundi zipo, kwa kuwa waya fupi hutumia umeme kidogo na huruhusu kasi, lakini uhuru uliotolewa na soketi tupu za Boca Raton umepungua, na ni hasara kubwa kwa nchi ambako kompyuta huanza maisha yake ya pili.

Mpaka mwingine ni wa amri. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel hukubali, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Mashine ya 2016 yenye kasi ya kutosha ilikataliwa, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wa wenye mashine hizo huelekezwa Linux, ambayo ina mipaka yake pia, ingawa huja polepole. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 kwenye kompyuta ya 386; mwishoni mwa 2012 aliipokea kazi ya kuiondoa 386 katika kiini chake, kwa kuwa kuitunza kulizidi kuwa mzigo kwa waandishi. Debian 13, toleo la Linux la Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za ukoo huo.